Mkwamo wa Ubunifu Usio na Kimya: Tshibumba Kanda Matulu na Mfululizo wa Historia ya Zaire, 1973–1974

Ikisiri

Mjadala kuhusu kukwama kwa msanii huelekea kuanza na kimya: karatasi tupu, kalamu iliyokauka, turubai lisiloguswa. Makala haya yanachunguza mkwamo wa aina nyingine, ambapo mkono unaendelea kufanya kazi kila siku huku fikra ikiwa imefungwa. Kisa kinachochunguzwa ni cha mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, aliyechora picha 101 za historia ya nchi yake na kuzieleza kwa Kiswahili cha mji huo. Inahojiwa kwamba kilichomfungua kilikuwa mpangilio mpya wa kazi, yaani mfululizo, mnunuzi wa hakika na msikilizaji, na kwamba mpangilio huohuo ulimtenga na hadhira yake ya awali. Hoja hiyo inahusishwa na sera za kuwafadhili wasanii katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kalamu iliyokauka

Mtunzi anayeshindwa kuandika husemwa kwamba kalamu yake imekauka. Usemi huo umebeba taswira moja: palipokuwa na mtiririko sasa hapatoki kitu. Vitabu vya mwongozo kwa wasanii, ambavyo vingi viliandikwa Ulaya na Marekani, vimejengwa juu ya taswira hiyohiyo. Msanii hushauriwa kuamka alfajiri, kutembea, kuandika kurasa chache bila kujihukumu, kubadili chumba cha kazi. Ushauri huo hauna ubaya. Kasoro yake ni kumchukulia msanii kama mtu aliyebaki peke yake na nafsi yake, kisha kuitafuta dawa yote ndani ya nafsi hiyo.

Mapokeo ya Kiswahili yana kumbukumbu tofauti. Mtunzi wa utenzi wa kale, baada ya kumtaja Mola, aghalabu humwagiza mtu amletee karatasi, wino na kalamu, tena huitaka karatasi iwe nzuri. Wahakiki wamezoea kuipita sehemu hiyo haraka kama ada ya ufunguzi. Hata hivyo ada hiyo ina neno la kusema: kazi haianzi mpaka vifaa viletwe, na anayevileta ni mtu mwingine ambaye tayari yupo karibu na anasubiri kusikia. Majibizano ya washairi katika magazeti yaliendeleza jambo hilo kwa njia nyingine. Malenga aliyetupiwa swali hadharani hakuwa na nafasi ya kungoja msukumo wa moyo. Aliitwa kwa jina, akapewa mada na wakati mwingine hata vina, na watu wakawa wanangoja jibu.

Upande wa pili hutajwa mara nyingi mfano wa Abdilatif Abdalla. Alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake uliouliza Kenya inakwenda wapi, na tungo alizotunga gerezani zikachapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Kutokana na kisa hicho hutolewa hoja kwamba msanii wa kweli hazuiliki. Ni hoja inayowapendeza sana wapangaji wa bajeti. Haisemi lolote kuhusu wale walionyamaza katika seli za jirani, wala haimsaidii msanii ambaye hakufungwa na yeyote, ana rangi, ana brashi, ana wateja, na bado hawezi kuitoa kazi anayoibeba kichwani.

Picha zilizonunuliwa Lubumbashi

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 katika mji ambao wakati huo uliitwa Elisabethville. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa wachoraji wa Lubumbashi walioishi kwa kuuza picha zao nyumba kwa nyumba. Picha hizo zilichorwa zaidi juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Hazikuuzwa katika majumba ya sanaa. Wanunuzi wake wa kawaida walikuwa watu wa mji wa migodi wenye mshahara, waliotaka kitu cha kutundika sebuleni.

Sebule hiyo ilikuwa na matakwa yake. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha wakati huo katika chuo kikuu mjini Lubumbashi, na Ilona Szombati-Fabian walionyesha katika uchunguzi wao wa mwaka 1976 kwamba picha hizo ziligawanyika katika aina chache zinazotambulika papo hapo, na kwamba dhana iliyoziunganisha nyingi kati yake ilikuwa ukumbusho. Ilikuwapo mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki anayetoa utajiri kwa masharti. Ilikuwapo pia picha iliyoitwa kwa Kifaransa Colonie Belge: ua wa gereza, mfungwa amelazwa chini akichapwa na askari Mwafrika, afisa Mbelgiji amesimama akitazama, bendera ya Ubelgiji juu. Mwenye nyumba hakuinunua picha hiyo ili ajifunze jambo jipya. Aliinunua kwa sababu mgeni yeyote akiingia na kuitazama angeanza kusimulia aliyoyaona yeye mwenyewe au aliyoyasikia kwa baba yake. Picha moja ilifungua maneno mengi.

Kwa hiyo mchoraji aliichora tena. Akaichora wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kwa vigezo vya vitabu vya mwongozo Tshibumba hakuwa amekwama hata kidogo, kwani alikamilisha kazi, akauza, akanunua rangi, akaanza nyingine. Lakini mtu huyuhuyu alijiita mwanahistoria, na alikuwa na historia nzima ya nchi aliyotaka kuionyesha tangu mwanzo hadi siku yake. Historia hiyo haikuwa na mnunuzi. Soko lilinunua kumbukumbu ambayo watu walikwisha kukubaliana juu yake. Picha ya tukio ambalo halijawahi kuchorwa ilikuwa kitambaa, rangi na siku kadhaa ambazo huenda zisirudi. Mchoraji anayetegemea mauzo ya wiki hii kwa chakula cha wiki hii anaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Hofu ya siasa nayo ilikuwapo, ingawa haikukata kila mahali kwa usawa. Mobutu alikuwa ameitangaza nchi kuwa Zaire mwaka 1971, na Katanga ikaitwa Shaba. Lumumba alikuwa ametangazwa shujaa wa taifa tangu 1966, kwa hiyo sura yake iliweza kuchorwa. Kujitenga kwa Katanga, tena kuchorwa na mtu wa Lubumbashi, kulikuwa jambo la kupimwa kwa makini zaidi.

Ni kosa, hata hivyo, kuyadharau yale marudio, kama wafanyavyo wahakiki wanaoona katika nakala ya mia upungufu wa kipaji. Kuchora jambo moja mara nyingi kulimpa mchoraji msamiati: namna ya kuwapanga watu uwanjani, mahali pa kuweka bendera, jinsi mwili uliolala unavyoitawala picha. Alikuwa na maneno yote. Alichokosa ni fursa ya kuyafanya sentensi.

Mfululizo

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alifika nyumbani kwa Fabian akiwa na picha za kuuza, na katika mazungumzo yaliyofuata likajitokeza lile wazo la historia nzima. Fabian alivutiwa, akamhimiza, akawa mnunuzi wa mfululizo wote. Kwa miezi kadhaa, hadi ndani ya mwaka 1974, mchoraji alileta picha kwa mafungu na kila fungu likazungumziwa mbele ya kinasa sauti. Matokeo ni picha 101. Zinaanzia kabla ya ukoloni, zinapita kwa Wareno, Livingstone, Stanley na Leopold II, zinasimulia kuuawa kwa Msiri mwaka 1891, zinafika kwa Simon Kimbangu, kwenye mauaji ya wafanyakazi wa migodi walipogoma Elisabethville Desemba 1941, kwenye uhuru wa 30 Juni 1960, kujitenga kwa Katanga, kifo cha Lumumba na kutwaa madaraka kwa Mobutu mwaka 1965, kisha zinaingia katika mambo ya siku ile ya mchoraji na kuikabili kesho.

Uhakiki mwingi wa mfululizo huu umejishughulisha na swali la ukweli: je, tarehe ni sahihi, je, tukio hili lilikuwa hivyo? Swali la mkwamo linaelekeza macho mahali pengine. Ni nini kilichotokea kwa mkono uliozoea aina chache za picha ulipopewa ruhusa ya picha nyingi?

Jibu linaonekana vizuri zaidi katika Colonie Belge yenyewe. Katika sebule picha hiyo ilisimama kwa niaba ya ukoloni wote. Ilikuwa muhtasari, na muhtasari haudai chochote kitakachofuata. Ndani ya mfululizo picha hiyohiyo inapata mahali pake. Kabla yake kuna kutekwa kwa nchi, baada yake kuna mgomo na risasi. Mfungwa aliyelala chini, ambaye katika nakala za awali alikuwa mfungwa yeyote wa wakati wowote, sasa ana jana na ana kesho. Mtazamaji anaanza kuuliza alifungwa kwa kosa gani, na atakapoamka atakwenda wapi. Hakuna brashi mpya iliyohitajika kuyaleta maswali hayo. Yameletwa na jirani za picha.

Hapo ndipo thamani ya mfululizo kama njia ya kujikwamua inapojulikana. Mchoraji wa picha mojamoja huanza upya kila mara, na kila mara soko humwuliza swali lilelile: hii itauzwa? Mchoraji wa mfululizo huulizwa swali na picha aliyoimaliza jana. Ukichora Stanley akifika, umejifunga kuchora waliofuata. Ukimchora Lumumba akihutubia, huwezi kuepuka kumchora akikamatwa. Hofu ya kuanza, ambayo kila msanii anaijua, hupungua kwa sababu kazi imekwisha kuanza na inasubiriwa kuendelea.

Mfano wa pili ni kifo cha Lumumba. Tshibumba aliwachora Lumumba, Mpolo na Okito wakiwa wamelala wafu, na nyuma yao, mbali, akaweka misalaba mitatu. Mtazamaji aliyelelewa kanisani haelezwi zaidi. Kuna watakaosema kwamba msanii alikimbilia taswira ya kuazima pale ushahidi ulipomwishia, kwa sababu kifo hicho hakikuwa na picha ya kuigwa. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Ushahidi ulikosekana kweli, na mchoraji wa nakala angeishia hapo. Tshibumba alifanya lile linalofanywa na mwanahistoria mwenye ujasiri: alitoa tafsiri, akaiweka wazi kwamba ni tafsiri, akasonga kwenye picha inayofuata.

Kusema mbele ya picha

Maandishi yaliyo juu ya picha zenyewe kwa kiasi kikubwa ni ya Kifaransa, lugha ya shule na ya ofisi. Ni mafupi, yanataja tukio na mara nyingi tarehe, yana sauti ya tangazo. Mazungumzo mbele ya picha yalikuwa ya Kiswahili cha Lubumbashi, na humo mambo yanabadilika. Kilichotangazwa kwa Kifaransa kinapata mwanzo, sababu, mzaha, shaka. Dhana ya mawazo inarudi humo kwa uzito: kuwaza kama kazi ya mchoraji, si kuona na kunakili tu.

Tofauti hiyo ya lugha mbili inastahili uzito kuliko uliopewa. Hoja ya makala haya ni kwamba mazungumzo yalikuwa sehemu ya utengenezaji wa picha. Mchoraji aliyejua kwamba wiki ijayo ataketi tena, ataulizwa, na atapaswa kueleza kwa nini mtu fulani amesimama kushoto, anachora akiwa na sikio la mtu mwingine kando ya kitambaa. Anaingia katika hali ya yule mtunzi wa utenzi na mletaji wake wa karatasi. Tena alieleza kwa lugha ambayo hakulazimika kuitengeneza kwanza kichwani. Ni vigumu kufikiri kwamba mfululizo huo ungefika picha 101 iwapo maelezo yote yangetakiwa kwa Kifaransa cha kuandikwa.

Msikilizaji mwenyewe hakuwa mtu wa kati. Alikuwa Mzungu, mwalimu wa chuo kikuu na mwenye fedha, mbele ya mchoraji aliyezungusha picha zake mjini. Hakuna sababu ya kuufunika ukweli huo kwa maneno ya ushirikiano sawa, na ikumbukwe kwamba Fabian mwenyewe katika kazi zake ameuliza kwa ukali jinsi elimu ya watu wengine inavyopatikana. Lakini nafasi ya msikilizaji ikichambuliwa peke yake, mbali na mtu aliyeikalia, inaonekana kwamba haikuhitaji kuwa ya mgeni. Ilihitaji mtu mwenye muda, mwenye udadisi wa kweli, asiye na haraka ya kusahihisha.

Sharti hili la mwisho ndilo linalozigusa taasisi za Kiswahili. Msemaji wa Lubumbashi husema bantu na banasema pale msemaji wa Dar es Salaam anaposema watu na wanasema, na huchanganya Kifaransa bila kuomba radhi. Msikilizaji aliyetumwa na taasisi ya lugha, akiwa na fomu na mwongozo wa usanifu, angeweza kumnyamazisha mchoraji huyo katika dakika kumi za kwanza, tena kwa nia njema kabisa.

Zilikoishia

Kitabu kilichoukusanya mfululizo huu, Remembering the Present, kilitoka mwaka 1996 katika matbaa ya Chuo Kikuu cha California. Ndani yake maneno ya mchoraji yamefasiriwa kwa Kiingereza. Matini ya Kiswahili iliwekwa baadaye kwenye intaneti, katika hifadhi ya Kiswahili pendwa iliyoanzishwa Amsterdam. Picha zenyewe zimo katika makumbusho ya mji huohuo yaliyoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Mchoraji hajulikani alipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Hapa panahitaji kusemwa waziwazi gharama ya ule mkwamo kufunguliwa. Masharti yaliyomwezesha Tshibumba kuchora historia yake yote ndiyo yaliyoiondoa historia hiyo katika sebule za Lubumbashi. Colonie Belge ya wiki kwa wiki ilitundikwa mbele ya watu walioweza kuijibu. Picha 101 zilikwenda pamoja kwa mnunuzi mmoja, na kwa maana ya kisanaa zilipaswa kwenda pamoja, kwa kuwa nguvu yake ni mfuatano. Majirani wa mchoraji hawakupata nafasi ya kubishana nazo. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, hata soko la picha mojamoja likadhoofika, na hapakuwa na mnunuzi wa pili wa kumwagiza mfululizo mwingine.

Washauri wa sera wanaosoma kisa hiki huenda wakavutwa na jibu jepesi: serikali iwe mnunuzi. Zaire yenyewe inatahadharisha. Utawala wa Mobutu ulitumia fedha na muda mwingi wa wafanyakazi katika nyimbo na ngoma za kumsifu kiongozi. Wasanii hawakukosa kazi wala vifaa wala hadhira, na hakuna anayetamani kazi hizo zirudi. Mnunuzi wa hakika humfungua msanii pale tu asipoijua picha inayofuata kabla ya msanii mwenyewe kuijua. Fabian, pamoja na yote yaliyosemwa juu ya nafasi yake, alikuwa nje ya mkono wa chama, na pengine uhuru huo ulikuwa na uzito sawa na fedha zake.

Kilicho rahisi zaidi kuigwa ni umbo la agizo. Ruzuku nyingi za sanaa katika ukanda huu hutolewa kwa kazi moja, tamasha moja au maonyesho ya siku tatu, na mashindano humtuza anayewasilisha kilichokamilika. Mipango hiyo humkuta msanii mwishoni mwa safari. Agizo la mfululizo, lenye malipo kwa kila fungu linalofika na mikutano ya kuzungumza iliyolipiwa kama sehemu ya kazi, humkuta katikati, pale anapokwama. Na pawepo sharti moja ambalo Lubumbashi ya 1974 haikuwa nalo: kila fungu lionyeshwe kwanza mtaani kwa msanii, katika ukumbi wa parokia, kituo cha mabasi au shule, kabla halijahamia kwenye hifadhi yoyote. Sharti hilo litaleta ugomvi. Picha ya kujitenga kwa Katanga ingeleta ugomvi Lubumbashi hata leo. Ugomvi wa aina hiyo ndio uliokosekana katika mfululizo wa Tshibumba, na msomaji makini wa mazungumzo anaweza kuusikia upungufu huo: mchoraji anaeleza sana, lakini mara chache anapingwa na mtu aliyekuwapo.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na pamoja nayo wakaingia mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili ambao lugha yao haifanani na ya kamusi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina fursa ya kulichapisha simulizi la Tshibumba kwa maneno yake mwenyewe, bila kulisanifu, likiwa sambamba na picha na maelezo machache ya msamiati kwa wasomaji wa pwani. Kazi ya kunakili sauti ilikwisha kufanywa. Kilichobaki ni makubaliano na walioihifadhi, wahariri wawili watatu wanaokijua Kiswahili cha Lubumbashi, na gharama za uchapaji wa rangi. Kwa sasa mkazi wa Lubumbashi anayetaka kuiona picha ya mgomo wa 1941, uliotokea katika mji anaoishi, hutafuta kitabu cha Kiingereza kilichochapishwa California, au husafiri hadi Amsterdam.